Kupiga ribiti ngozi ya bawa ukiwa peke yako: mwongozo kamili kwa mjenzi wa ndege

Ribiti moja ya inchi 3/32 huchukua kama sekunde moja na nusu kupigwa, na inataka mikono miwili: mmoja nje ya ngozi umeshika bunduki ya upepo ya kupigia ribiti, mwingine ndani ya bawa umeshika fuawe, kile kipande kizito kinachopokea pigo. Mikono miwili unayo. Kinachomsumbua mjenzi aliye peke yake ni urefu wa hiyo mikono, kwa sababu ngozi ya bawa ni bati pana, na ribiti za katikati ziko mbali na kila ukingo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tulivyofundishwa, na wajenzi wengi huacha mifupa ya bawa ikishika vumbi miezi kadhaa wakimngoja mtu wa kuwashikia fuawe. Si lazima kungoja. Mabawa yangu nimeyafunga kwa sehemu kubwa nikiwa peke yangu, na nimejifunza kwamba kazi hii huamuliwa kabla hujaiunganisha bunduki na upepo. Ukishajua ribiti ipi inapigwa lini, kutoka wapi na kwa kifaa gani, zile zinazohitaji mtu wa pili hubaki chache sana.

Mwongozo huu ni wa ndege za alumini zinazotumia ribiti ngumu za kupiga, kama RV nyingi za Van's Aircraft. Ndege za Zenith na Sonex zimesanifiwa karibu kote kwa ribiti za kuvuta, zinazofungwa kutoka upande mmoja tu, na huko mtu mmoja anatosha bila hila yoyote. Usichukue tu ribiti ya kuvuta ukaiweka mahali ambapo mchoro unataka ribiti ya kupiga. Hilo ni jambo la kumuuliza msanifu kwanza, nami nitalirudia mbele.

Ijue ribiti unayoipiga

Ngozi ya bawa hufungwa kwa ribiti za kichwa bapa za AN426, ambazo kichwa chake kina mteremko wa nyuzi 100 na hukaa sawa na uso wa bati. Zile za kichwa cha mviringo, AN470, hutumika zaidi ndani. Herufi AD zinaonyesha aloi ya 2117, na utaitambua kwa kidoa kidogo kilichobonyea katikati ya kichwa. Ribiti isiyo na kidoa hicho ni ya alumini laini. Ikichanganyika kwenye kopo lako, itoe. Namba ya kwanza baada ya AD ni unene kwa sehemu za 1/32 ya inchi, na inayofuata ni urefu kwa sehemu za 1/16. Kwa hiyo AN426AD3-3.5 ina unene wa 3/32 na urefu wa 3.5/16.

Kabla ya kupigwa, shina linapaswa kuchomoza upande wa pili kama mara 1.5 ya unene wake. Likishapigwa, kichwa cha pili, kile unachokitengeneza wewe, kiwe na upana wa mara 1.5 ya unene wa shina na kimo cha nusu ya unene huo. Kwa ribiti ya 3/32 hiyo ni kama milimita 3.6 kwa 1.2. Kwa ya 1/8 ni kama 4.8 kwa 1.6. Tengeneza geji kwa kipande cha bati chenye matundu ya vipimo hivyo na ukitundike shingoni. Utakipapasa ndani ya bawa mahali ambapo jicho halifiki.

Vifaa vinavyomfaa aliye peke yake

Bunduki ya saizi ya 3X inatosha kwa ribiti za 3/32 na 1/8. Iwekee kirekebisho cha upepo kwenye mpini wenyewe, hata kama kompresa ina chake, maana hakuna wa kumwambia "punguza kidogo." Mimi huanzia psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa ribiti ya 3/32 na psi 40 kwa ya 1/8, kisha narekebisha kwa kusikiliza. Presha ndogo sana ni kosa kama presha kubwa: ribiti inayopigwa mapigo mengi dhaifu huwa ngumu kabla haijatanuka, na mkono wako wa fuawe huchoka na kuteleza.

Kipigio, yaani kile kichwa cha chuma kinachochomekwa mbele ya bunduki, kiwe kile bapa, kinachozungukazunguka kwenye kiungo chake, chenye ukingo wa mpira. Ukiwa na msaidizi unaweza kukishika kipigio kwa mkono wa pili kisihame. Peke yako huna huo mkono, na ule mpira ndio unaokishikilia kwenye bati.

Kwenye fuawe usibanie. Nunua la tungsteni. Tungsteni ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya chuma kwa ukubwa uleule, kwa hiyo kipande kinachojaa kiganjani kinapokea pigo kama chuma kikubwa ambacho kisingepita kati ya ubavu wa bawa na mhimili, ile boriti ya urefu wa bawa. Mwenye kushika fuawe kwa mkono wa kushoto, mkono umekunjwa, macho hayaoni, anahitaji uzito ufanye kazi badala ya misuli. Zungushia tepu sehemu zote isipokuwa uso wa kupokelea, ili likigusa ngozi lisiikwaruze.

Vingine: koleo la kubana ribiti, la mkono au la upepo, kleko (pini za springi za kushikilia mabati kwa muda) za rangi ya fedha za 3/32 za kutosha kujaza angalau tundu moja kati ya kila mawili, tepu nyembamba, kioo kidogo cha mpini, taa ya kupachika ndani ya bawa. Simu nayo ina kazi. Ukiisimamisha ndani ya chumba kati ya mbavu mbili na kurusha picha kwenye skrini nyingine iliyo mbele yako, unapata jicho la msaidizi bila msaidizi. Vaa miwani, na masikioni vaa vizibo kisha vifuniko juu yake. Bawa ni ngoma, na kichwa chako kiko karibu nalo kuliko cha mtu mwingine yeyote.

Zigawe ribiti kabla ya kuanza

Chukua karatasi, chora bawa, na utie kila safu rangi.

Rangi ya kwanza ni ribiti ambazo koleo la kubana linazifikia: za kingo zilizo wazi, za mhimili wa nyuma, za mbavu za mwanzo na za mwisho. Hizi hazihitaji mkono wa pili kabisa, na hutoka safi kuliko zote. Watu huzipiga kwa bunduki kwa mazoea tu.

Rangi ya pili ni zinazoweza kupigwa mezani. Viimarishi vyovyote vinavyoshikamana na ngozi kabla ngozi haijapanda kwenye mifupa, vipige kwa nyuma: tia ribiti kutoka upande wa nje, zifunike kwa tepu, geuza ngozi kifudifudi juu ya bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa, kisha piga mashina kutoka juu kwa kipigio chenye kola ya springi. Bamba ndilo fuawe, nawe mikono yote miwili iko kwenye bunduki. Hakikisha tu bamba liko chini ya ribiti unayoipiga. Ukipiga nje ya bamba, kichwa kitazama kwenye mbao ya meza na bati litatoboka.

Rangi ya tatu ni zile ambazo mikono yako miwili inazifikia, mmoja nje, mmoja ndani. Usikisie. Zijaribu kwa kuweka kidole cha kushoto kwenye shina na cha kulia kwenye kichwa, kila safu, huku umesimama utakavyosimama siku ya kazi.

Zitakazobaki ni rangi ya nne. Hizo zina njia tatu: kuinua ngozi, kumwita mtu kwa saa moja, au ribiti ya kuvuta iliyoidhinishwa na msanifu kwa tundu lile mahususi. Kwangu, bawa moja lilibakiwa na ribiti kumi na nne za rangi ya nne, zote pembeni mwa mhimili mkuu. Kumwomba mtu saa moja kwa ribiti kumi na nne ni rahisi kuliko kumwomba wikiendi nne.

Kimo cha stendi

Hili sikuliona likiandikwa popote nilipoanza, na ndilo lililobadilisha kazi yangu.

Bawa likisimamishwa wima, ukingo wa mbele chini, mhimili wa nyuma juu, unaweza kulikumbatia: mkono wa kulia unashuka nje ya ngozi, wa kushoto unapita juu ya mhimili wa nyuma na kushuka ndani. Utafika chini kadiri bega lako linavyokaribia mhimili wa nyuma. Ukiwa umesimama kawaida na mhimili uko kifuani, unapoteza sentimita ishirini au zaidi za mkono. Pima ili mhimili wa nyuma ukae chini kidogo ya kwapa. Bawa likiwa juu mno, tengeneza jukwaa la mbao pana la kusimamia, refu kama bawa lenyewe, ili usiwe unashuka na kupanda kila ribiti tano. Ngazi ya kukunja haifai, maana mwili wako utaegemea bunduki, na huwezi kuegemea kitu wakati unachokanyaga kinatikisika.

Funika mhimili wa nyuma kwa bomba la sponji lililopasuliwa. Ukingo wa alumini ukikaa kwapani saa nzima, mkono hufa ganzi, na mkono ulio ganzi hauhisi fuawe.

Maandalizi ya ngozi

Tundu la ribiti ya 3/32 hutobolewa kwa biti namba 40, la 1/8 kwa namba 30. Toa miiba, yaani ncha kali zinazoachwa na biti, pande zote mbili za kila tundu, ngozini na kwenye mbavu. Mzunguko mmoja au miwili mepesi ya kifaa inatosha. Ukizidisha unakula bati. Kisha tengeneza vikombe, yaani zile bonyeo za kukalisha kichwa bapa, kwa sababu ngozi nyembamba ya milimita 0.6 au 0.8 haina nyama ya kuchimbwa mteremko. Kikombe cha ngozi kiingie kwenye kikombe cha ubavu kama bakuli ndani ya bakuli. Kikombe hafifu huonekana kwa mwanga wa taa uliolazwa: pembezoni mwake bati linakuwa limeinama taratibu badala ya kukatika kwa mstari mkali. Rudia hapo hapo, maana ribiti haitakirekebisha.

Ondoa utando wa plastiki, paka rangi ya msingi (primer) kama umeamua kupaka, na uache ngozi na mifupa vikae chumba kimoja hadi vilingane joto. Hili lina hesabu yake. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ngozi ya mita 2.5 iliyopata joto la nyuzi 10 zaidi ya mifupa imerefuka kwa zaidi ya nusu milimita. Ukiipiga hivyo, ikipoa inavuta mifupa. Ukiipiga ikiwa baridi kuliko mifupa, itakuja kulegea na kudundadunda kama kifuniko cha kopo kila unapoigusa. Jua la dirishani na taa kali ya joto viondoe.

Funga kleko, anza katikati ya bati ukitoka nje kuelekea kingo, ili ulegevu wowote uende pembeni. Kisha chukua timazi. Bawa lililofungwa ngozi upande mmoja bado linaweza kupindika. Likifungwa pande zote mbili limejifunga lilivyo milele. Ning'iniza timazi ncha zote mbili za bawa, kutoka mhimili wa nyuma ulio juu, na upime umbali wa uzi hadi mhimili mkuu. Vipimo vya ncha zote viwe kama mchoro unavyosema. Pima kabla ya ngozi ya juu, pima kabla ya ya chini, na pima tena kila asubuhi ya kazi kabla hujagusa ribiti.

Ribiti moja, hatua kwa hatua

Kabla ya bawa, piga ribiti mia kwenye vipande vya bati chakavu vyenye unene uleule, ukiwa umevisimamisha wima kwenye jiliwa na mkono wa kushoto uko nyuma yake usipoonekana. Kupiga ukiangalia ni mazoezi ya kitu kingine.

Sasa bawani. Toa kleko moja, tia ribiti, bandika tepu juu ya kichwa. Tepu inaizuia ribiti isisukumwe nje na fuawe, na inalilinda bati.

Weka kipigio juu ya kichwa kwanza, mpira wote umelala kwenye bati. Kiganja kikae nyuma ya bunduki, sambamba na mtutu, ili msukumo utoke bega hadi ribiti kwa mstari mmoja. Kiwiko kikandamize ubavuni mwako. Usisukume kwa mkono. Egemea kwa uzito wa mwili.

Kisha fuawe. Tafuta shina kwa ncha ya kidole cha kushoto, bakiza kidole kidogo kimegusa ubavu wa bawa, na ulete fuawe hadi uso wake ulale juu ya shina. Kile kidole kidogo ndicho pembemraba yako. Kikiwa kimegusa ubavu, unajua kama fuawe limesimama sawa au limeinama.

Hapa simama kidogo. Sukuma fuawe kidogo sana kuelekea kwako. Bunduki mkononi mwa kulia lazima ihisi huo msukumo. Usipouhisi, fuawe liko kwenye ribiti ya jirani au limekaa juu ya ukingo wa ubavu. Hiki ndicho kipimo pekee cha uhakika kwa mtu asiyeona ndani, na hakichukui hata sekunde. Sijawahi kuharibu ribiti ambayo nilifanya hivyo kwanza. Nilizoharibu ni zile nilizokuwa na uhakika nazo.

Fyatua. Mkono wa kulia usukume zaidi kidogo ya wa kushoto. Wa kushoto uachie uzito wa tungsteni ukae, bila kuupinga. Mlio wa mwanzo ni wa juu na wenye mruko, kisha unashuka na kuwa mzito, mfupi, kama mlango wa mbao unaofungwa. Huo mshuko ndio kichwa cha pili kimeshajitengeneza. Achia kifyatulio.

Tenganisha kwa mpangilio huu bila kubadilisha hata mara moja: kifyatulio kwanza, kisha hesabu moja, kisha bunduki, mwisho fuawe. Mkono wa fuawe ndio mkubwa wa kazi yote. Unafika wa mwisho na kuondoka wa mwisho.

Nimelivunja agizo hili mara moja, kwenye ngozi ya juu ya bawa la kushoto, safu ya tatu. Mkono ulikuwa umechoka, nikabadilisha mkao wa kifundo huku kidole cha kulia bado kimebana. Fuawe liliteleza kwa pigo moja tu. Pigo moja hilo lilikisukuma kichwa ndani na kuacha bonde la upana wa kidole gumba, na mwanga ukipita juu ya bawa unalionyesha mpaka leo. Bati halikuchanika, ribiti niliitoa na kuweka nyingine, lakini bonde halikurudi. Tangu siku hiyo napiga ribiti ishirini kisha natoa mikono yote miwili bawani na kuikung'uta, hata kama haijachoka.

Papasa kwa geji kabla ya kuhama. Ikiwa kichwa bado kirefu, pigo fupi la pili. Usipige mara ya tatu.

Ngozi ya juu

Ngozi ya juu huwa rahisi kwa sababu upande wa chini bado uko wazi. Anza katikati ya ubavu wa katikati, nenda juu na chini kwa zamu, kisha hamia ubavu wa jirani, mmoja kulia mmoja kushoto. Usimalize ubavu mzima mmoja kabla ya kugusa mwingine, maana bati litajikusanya upande mmoja. Acha kleko kwenye tundu la jirani la ribiti unayoipiga, siku zote.

Mbavu zina matundu makubwa ya kupunguza uzito, na mkono hupita humo. Safu za chini, zilizo karibu na mhimili mkuu, ambazo huzifikii kwa kukumbatia, jaribu kuzifikia ukiwa umekaa kwenye kiti kifupi upande wa mifupa, mkono wa kushoto ndani ya chumba, wa kulia ukizunguka ncha ya bawa. Njia hii inafaa vyumba viwili vya mwisho kila upande. Vyumba vya katikati ni rangi ya nne.

Wapo wanaopiga ngozi ya juu kwa nyuma, bunduki ndani na kipigio kirefu kilichopinda, chuma kizito bapa nje. Uso wa nje hutoka kama kioo. Peke yako inawezekana kwenye safu za karibu, ila chuma cha nje kina uzito, na kukishikilia kikiwa kimelala sawa kwa mkono mmoja ulionyooka ni kazi ya dakika chache tu kwa siku. Mimi naitumia kwa safu mbili za juu zinazoonekana zaidi, basi.

Kabla ya kufunga chini

Ngozi ya chini ikishafungwa, bawa limefungwa. Pitisha sasa mabomba ya nyaya, bomba la pito (la kupimia mwendo wa ndege hewani), kila kokwa ya kushikia na kila kitu kilichotajwa kwenye mchoro. Kagua vichwa vya pili vya ngozi ya juu vyote kwa kioo, moja baada ya kingine. Piga picha kila chumba.

Kwenye nchi nyingine ukaguzi huu si hiari yako. Kanada inataka mkaguzi aone bawa kabla halijafungwa, na Uingereza mjenzi aliye chini ya LAA, chama cha ndege nyepesi, hukaguliwa hatua kwa hatua. Marekani unaweza kumwita mshauri wa kiufundi wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege, aje kutazama, na kwa mtu anayejenga peke yake naona ni lazima hata pasipo sheria. Macho yaliyokuwa peke yake na bawa mwaka mzima hayaoni tena kilicho mbele yake.

Ngozi ya chini: kuinua na kushuka ngazi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo kazi ya peke yako inapendeza kuliko ya wawili, kwa sababu chumba kinatosha mkono mmoja tu hata mkiwa kumi.

Usifunge kleko ngozi nzima. Ifunge kwenye mhimili mkuu na ubavu wa kwanza tu, na sehemu iliyobaki iinue taratibu kutoka upande wa mhimili wa nyuma, ijikunje kwa upinde mpana. Ishikilie kwa mkanda laini wa kitambaa. Upinde ukiwa mpana, bati hurudi lilivyokuwa. Ukilikunja kwa nguvu litaacha mstari usiotoka. Kiganja changu kilichokunjuliwa kikipita bila kusugua, uwazi unatosha.

Anza kwenye pembe ambapo mhimili mkuu unakutana na ubavu wa kwanza. Piga ribiti tatu kwenye mhimili, kisha tatu kwenye ubavu, kisha rudi mhimilini tatu nyingine. Unashuka kama ngazi, mshazari, kutoka pembe iliyo mbali kuelekea pembe iliyo wazi. Kila wakati mkono wako wa kushoto uko upande ambao ngozi bado imeinuliwa, na kila ribiti unayoipiga inaukaribia mlango wa kutokea. Ukipiga ribiti moja upande wa nje kabla ya wakati wake, umejifungia.

Kila ukimaliza ngazi moja, shusha ngozi, tia kleko za muda kwenye mstari wote unaofuata, hakikisha matundu yanaonana bila kulazimishwa, kisha inua tena. Matundu yakianza kukataa, simama. Sababu huwa kleko iliyosahaulika, uchafu kati ya mabati, au ribiti iliyokaa imeinama. Kulazimisha tundu kwa biti ni kuhamisha kosa kwenda mbele.

Safu ya mwisho, ya mhimili wa nyuma, ni ya koleo la kubana. Nayo huenda haraka kiasi cha kushangaza.

Kukagua, na kutoa iliyoharibika

Si kila ribiti isiyopendeza ni mbovu. Kichwa cha pili kilichoenda upande kidogo lakini bado kimefunika tundu lote na kina kimo chake, kiache. Kuitoa kunaweza kupanua tundu na kuwa kosa kubwa kuliko lile ulilolikimbia. Zinazotoka ni zilizolala na kupindika, zilizopasuka, zilizojitanua kati ya mabati mawili na kuacha uwazi, na zenye kichwa kisichofika mara 1.3 ya unene wa shina.

Kuitoa: tumia kile kidoa cha katikati kama alama ya biti. Drili kwa mkono mwepesi, biti namba 40 kwa ribiti ya 3/32, hadi kina cha kichwa tu. Ingiza pini kwenye tundu ulilochimba, iinamishe, kichwa kinang'oka. Shina hutolewa kwa kuligonga taratibu na pini nyembamba, na ukiwa peke yako hapa ndipo unapohitaji ujanja: bati lisipoegemezwa nyuma, ubavu unapinda. Chukua kipande cha mbao ngumu chenye tundu, kibane ndani kwa klempu ndogo, tundu likizunguka kichwa cha pili, kisha gonga. Shina likikataa, lidrili zaidi kutoka nje badala ya kuongeza nyundo.

Tundu likiwa limepanuka, kuna NAS1097AD4, ribiti yenye shina la 1/8 lakini kichwa kidogo kinachokaribia kukaa kwenye kikombe cha 3/32. Panua tundu kwa namba 30, hakikisha umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati bado ni mara mbili ya unene wa shina jipya, na uipige kama nyingine. Weka chache kwenye kopo tofauti lenye alama, maana kwa macho zinafanana sana na ndugu zake.

Mwisho wa kila siku hesabu kleko zilizobaki kwenye ngozi na kwenye ndoo. Jumla yake ikipungua, moja imeanguka ndani ya bawa, na ni rahisi kuifuata leo kupitia upande ulio wazi kuliko kuisikia ikigongagonga baada ya ribiti ya mwisho.